Bandari ilihama, Ujiji ikabaki na watu wake

Swali limetoka kwa mwalimu aliyehamishiwa Kigoma mwaka huu na kupanga nyumba Ujiji. Kwa ufupi anauliza hivi: "Kila mzee ninayekutana naye mtaani ananiambia Ujiji ndio mji mama, Kigoma ni mtoto. Lakini bandari iko Kigoma, stesheni iko Kigoma, ofisi za mkoa ziko Kigoma. Ujiji naona nyumba za watu tu. Ilikuwaje mji wenye jina kubwa hivi ukawa mahali pa kurudi kulala? Na mbona wenyeji wanaishi na kuongea kama watu wa Tanga au Bagamoyo, wakati bahari iko mbali kiasi hiki? Nataka pia kuwapeleka wanafunzi wangu wakajionee. Niwaonyeshe nini?"

Mwalimu, wazee wako hawajigambi bure. Wakati Ujiji imeshaandikwa kwenye ramani za London na Berlin, Kigoma ilikuwa kijiji cha wavuvi kwenye ghuba, kilomita zisizofika kumi kuelekea kaskazini. Ila hapo kwenye "ilikuwaje" ndipo masimulizi ya barazani yanapokata kona. Utaambiwa Wajerumani walipeleka reli Kigoma, basi, Ujiji ikaisha. Reli ilichangia, sikatai. Lakini mji huu ulikuwa umeshapoteza nusu ya riziki yake miaka ishirini kabla garimoshi la kwanza halijafika, na wala haukuisha. Kilichoondoka ni mizigo. Watu walibaki, na wengine wakazidi kuja. Ukilishika hilo, swali lako la pili linajijibu kwa sehemu kubwa.

Tuanzie ufukweni. Ukishuka Ziwa Tanganyika upande wa Ujiji utaona ardhi inateremka polepole, mchanga na tope, maji ya magoti kwa hatua nyingi. Kwa meli hiyo ni balaa. Kwa mtumbwi ni neema: unauvuta nchi kavu, unapakua, alfajiri unausukuma tena majini. Ujiji ilianza kama soko la mitumbwi, na mitumbwi mikubwa yenyewe ilichongwa ng'ambo, Ugoma, kulikokuwa na miti minene ya kutosha. Chumvi ilitoka Uvinza, kwenye chemchemi ambazo wachimbuaji wa mambo ya kale wameonyesha kuwa zilitumika kwa zaidi ya miaka elfu moja. Samaki wakavu, mawese, majembe na nafaka vilikutana hapo na chumvi hiyo. Hakukuhitajika Mwarabu wala Mzungu kuanzisha biashara. Ilikuwepo.

Wenye nchi walikuwa Wajiji, ambao ni tawi la Waha. Mwami wao hakukaa ziwani. Alikaa juu milimani, na kwa mila ilikuwa mwiko kwake kuliona ziwa. Mambo ya ufukweni aliwaachia watwale wake, yaani wakuu wa maeneo chini yake, nao ndio waliotoza ushuru wa soko na wa vivuko. Wengine husimulia mwiko huo kama kichekesho. Mimi naona ndani yake kuna siasa nzito: wageni waliokuja baadaye walikuta soko lenye wenyewe, ila mfalme hayupo karibu wa kuwakalia shingoni. Waliweza kukua taratibu, kwa kulipa ushuru na kuoa, bila kumpindua mtu.

Wafanyabiashara wa pwani, Waarabu na Waswahili, walianza kufika yapata mwaka 1840. Hawakujenga mji siku hiyo. Wapelelezi wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walipowasili Februari 1858, Burton akiwa hajiwezi kwa miguu na Speke akiwa haoni vizuri kwa ugonjwa wa macho, walitarajia kukuta mji wa maana wa Waarabu. Walikuta vibanda na soko mahali paitwapo Kawele, na wafanyabiashara waliokuwa wakija kwa msimu kisha kurudi Unyanyembe, jirani na Tabora ya leo, ambako ndiko kulikuwa na nyumba zao. Kwa hiyo ukisikia Ujiji ni mji wa kale wa Waarabu, punguza chumvi. Mji wenye nyumba za kudumu, misikiti na mitaa ulijengeka hasa kati ya miaka ya 1860 na 1880. Kwa umri huo ni mdogo kuliko miji mingi ya mwambao wa bahari.

Katika miongo hiyo miwili Ujiji ilikuwa na pande mbili: Ugoy, walikokaa matajiri wa Kiarabu na Kiswahili kwenye matembe yenye baraza pana, na Kawele, walikokaa waungwana, yaani watu huru waliokuja na misafara, pamoja na watumwa na wenyeji. Kati yao soko. Verney Lovett Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyefika mwaka 1874, ameacha maelezo ya soko hilo ambayo nayapenda kuliko habari zote za wapelelezi wa Kizungu. Anasema shanga zilizoitwa sofi, zenye umbo la vipande vya shina la kiko, ndizo zilizokuwa pesa ya sokoni. Soko likifunguliwa, watu wenye mifuko ya sofi waliwabadilishia wanunuzi waliokuja na shanga za aina nyingine. Soko likifungwa, walewale walizipokea sofi kutoka kwa wauzaji na kuwapa walichotaka, wakila faida pande zote mbili. Mwalimu, hao ni wabadilisha fedha kamili, kando ya ziwa, katikati ya bara, kabla ya rupia ya Mjerumani na kabla ya shilingi.

Sasa kuna bidhaa ambayo siwezi kuipita haraka. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, kulikuwa na nchi ya Manyema, na kuanzia mwisho wa miaka ya 1860 misafara ya pembe na watumwa iliivamia kwa nguvu. David Livingstone, mmisionari na mpelelezi wa Uskoti, alikuwa huko Nyangwe tarehe 15 Julai 1871 watu wa misafara walipofyatulia risasi soko lililojaa wanawake na kuua mamia. Mauaji hayo ndiyo yaliyomrudisha Ujiji akiwa amevunjika moyo, na alipofika Oktoba alikuta bidhaa alizotumiwa kutoka pwani zimeshauzwa na mtu aliyekabidhiwa kuzitunza. Mateka wa Manyema walivushwa kwa mitumbwi hadi kwenye ufukwe uleule unaouona leo. Wengine walipelekwa Tabora na Bagamoyo. Lakini wengi sana hawakupita Ujiji, walibakia hapohapo: kulima mashamba ya matajiri, kupiga makasia, kubeba mizigo, kujenga, kupika, kuolewa. Bila wao Ujiji haina historia.

Nasisitiza hili kwa sababu masimulizi mengi humpitisha mtumwa Ujiji kama msafiri, yuko njiani kwenda pwani. Ujiji ilikuwa mwisho wa safari kwa maelfu. Na utumwa wenyewe haukwisha bendera ya Mjerumani ilipopandishwa. Amri ya Wajerumani ilisema tu kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya mwaka 1905 ni huru. Sheria ya kuufuta moja kwa moja Tanganyika ilikuja chini ya Waingereza mwaka 1922. Katikati hapo watu walijikomboa wenyewe kwa njia mbalimbali: kununua uhuru, kuhama mtaa, kuingia kwenye kazi ya upagazi wa mshahara, na zaidi ya yote kuingia katika Uislamu na kujifunza mwenendo wa kiungwana. Jina la Manyema, lililoanza kama jina la nchi ya mateka, likageuka kuwa jina la watu wenye mji wao, mashehe wao na ngoma zao. Hadi Dar es Salaam walijenga msikiti, na Msikiti wa Manyema uko Kariakoo mpaka leo.

Kiongozi wa wageni katika miaka ya 1870 alikuwa Mwinyi Kheri, Mswahili wa Mrima, pwani inayotazamana na Zanzibar. Alioa binti wa ukoo wa kitawala wa Wajiji, akawa na sauti katika biashara ya kaskazini yote ya ziwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 akatambuliwa kuwa liwali wa Sultan Barghash wa Zanzibar. Alipofariki mwaka 1885, nguvu ilishikwa na Muhammad bin Khalfan al-Barwani, mzaliwa wa Lindi aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, mshirika wa Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa. Ukiwalinganisha, Kheri alitawala kwa ndoa na maelewano, Rumaliza kwa bunduki. Bahati mbaya kwa Ujiji, enzi ya bunduki ilikuwa imeshapata wenye bunduki kubwa zaidi.

Hapa ndipo pigo la kwanza. Mwaka 1885 Mfalme Leopold wa Ubelgiji alijipatia kile kilichoitwa Dola Huru ya Kongo, na ziwa likageuka mpaka: ng'ambo ni ya Leopold, upande huu ni wa Mjerumani. Kati ya 1892 na 1894 majeshi ya Leopold yaliwapiga wafanyabiashara wa pwani mashariki mwa Kongo, Rumaliza akiwa mmoja wa walioshindwa mwisho. Baada ya hapo pembe za Manyema hazikuvuka tena ziwa kuja Ujiji. Zilishuka mto Kongo kuelekea Atlantiki, na reli ya Matadi ilipokamilika mwaka 1898 njia hiyo ikawa imefungwa kwa kufuli kwa upande wetu. Ujiji ilikuwa duka ambalo ghala lake liko ng'ambo, na ghala limebadilisha mwenyewe.

Ungetegemea watu wakimbie. Ilikuwa kinyume. Walioshindwa vitani, na waliokuwa wakiogopa utawala wa Leopold na kazi zake za shokoa, walivuka kuja upande huu: waungwana, Wamanyema, Wabwari, Wagoma, Wabembe. Biashara ilipopungua, mji ulijaa. Wajerumani walipoweka boma la kijeshi Ujiji mwaka 1896, chini ya Kapteni Hans von Ramsay, walikuta mji mkubwa tayari, wakaufanya makao ya wilaya. Kwa hiyo kwa miaka kama kumi na saba hivi Ujiji ilikuwa na hadhi ya kiserikali bila utajiri wa zamani. Malale nayo ilipiga mwambao wa ziwa katika muongo wa kwanza wa karne ya 20, na Wajerumani wakahamisha watu kutoka baadhi ya sehemu za ufukweni. Hiyo ni habari ndefu, naiacha.

Pigo la pili unalijua. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma Februari 1914, kama kilomita 1,250 kutoka Dar es Salaam. Kwa nini isifike Ujiji, penye watu, soko na boma? Rudi kwenye ule mchanga wa mwanzo. Reli ilijengwa ili ikutane na meli, na meli hazikai kwenye maji ya magoti. Ghuba ya Kigoma ina kina, na vilima vinaikinga na mawimbi. Wahandisi hawakuwa na la kujiuliza. Meli iliyokusudiwa, Graf von Götzen, iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa ndani ya makasha kama 5,000, ikaungwa upya Kigoma na kushushwa majini Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isiangukie mikononi mwa adui. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Kuna jambo moja watu hulisahau, na ndilo lililomalizia. Wabelgiji waliiteka Kigoma na Ujiji mwaka 1916, wakakaa hadi 1921. Walipoondoka waliachiwa eneo lao maalumu kwenye bandari ya Kigoma na jingine Dar es Salaam, ili mizigo ya Kongo ipite bila ushuru wa forodha. Yaani biashara ya ng'ambo iliyopotea mwaka 1894 ilirudi, lakini ilishukia Kigoma, kwenye gati la Mbelgiji, ikapanda behewa na kuondoka. Ujiji iliisikia ikipita.

Lakini usidhani ufukwe wa Ujiji ulikuwa mzuri siku zote kisha ukaharibika kwa sababu ya meli tu. Ziwa lenyewe lina tabia yake, na nataka wanafunzi wako walijue hili. Tanganyika lina urefu wa kilomita kama 670 na kina cha karibu mita 1,470. Mito mingi inaingia, Malagarasi na Rusizi ikiwemo, lakini mlango wa kutokea ni mmoja: mto Lukuga, ng'ambo, Kalemie. Hata hivyo sehemu kubwa kabisa ya maji huondoka kwa kugeuka mvuke. Lukuga ukizibwa na mchanga, tope na majani, na mvua zikawa nyingi, ziwa hupanda. Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti aliyemfuata Livingstone Ujiji mwaka 1871, alipofika mara ya pili mwaka 1876 aliona miti iliyokuwa sokoni Ujiji mwaka 1871 sasa imesimama ndani ya maji. Miaka miwili hivi baadaye kizuizi cha Lukuga kilipasuka. Edward Hore, mmisionari aliyeishi Ujiji tangu 1878, alikwenda kuona kwa macho yake mto ukitoka kwa kishindo. Kufikia miaka ya 1890 ziwa lilikuwa limeshuka kama mita 10.

Mita 10 kwenda chini, kwenye pwani inayoteremka polepole, ni umbali mkubwa kwenda nje. Ufukwe ulilikimbia soko. Ndiyo maana mnara wa kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, unaosemekana kuwa mahali walipokutana jirani na maji, leo uko mbali na ziwa kiasi kwamba mgeni hushangaa. Na Kigoma, penye kingo za ghafla, ziwa likishuka halisogei mbali. Kwa hiyo hata kabla mhandisi wa Kijerumani hajatandaza ramani, maji yalikuwa yameshaanza kuiacha Ujiji. Miaka hii ziwa limekuwa likipanda tena. Mwaka 2024 mitaa ya kando ya ziwa ya Bujumbura ilifurika, na upande wetu wenye nyumba na shughuli za ufukweni wanalijua hilo bila kuambiwa na mtu.

Kuhusu mwembe ambao inasemekana Livingstone na Stanley walikutana chini yake, sina mengi. Livingstone na Stanley walikutana Ujiji mwaka 1871. Jiwe la kumbukumbu limeandika tarehe 10 Novemba, lakini hesabu za siku za wote wawili zilikuwa zimevurugika kwa homa na safari, na shajara ya Livingstone inaonyesha ilikuwa mapema zaidi, mwishoni mwa Oktoba. Maneno maarufu ya salamu yametoka kwa Stanley peke yake. Livingstone hakuyaandika, na kurasa za shajara ya Stanley za siku hiyo zimechanwa. Mwembe wa asili haupo tena. Jiwe lenyewe linasema "mwembe uliosimama hapa wakati ule". Wanafunzi wengi huondoka hapo wakijua majina mawili ya Wazungu na hawajui hata moja la Mwafrika. Wewe waambie kuhusu Abdullah Susi, mtumishi wa Livingstone, ambaye ndiye aliyetoka mbio kumlaki Stanley na kumsalimu, na ambaye miaka miwili baadaye, pamoja na James Chuma na wenzao, aliubeba mwili wa Livingstone kutoka Chitambo, Zambia ya leo, hadi pwani kwa miguu. Waambie pia kwamba wale wawili walipanda mtumbwi wakaenda kaskazini mwa ziwa na kuthibitisha kwamba Rusizi inaingia ziwani, haitoki. Swali hilo lilikuwa likiwasumbua watu tangu siku za Burton, na jibu lake wapiga makasia wa Ujiji walikuwa nalo siku zote.

Sasa tabia ya mji. Unaposema Ujiji ni nyumba za watu tu, umegusa penyewe. Bandari, boma na ofisi vilipohamia Kigoma, kilichobaki ni kile ambacho hakihamishiki kwa amri: mitaa, misikiti, makaburi, koo, mashamba ya michikichi na desturi. Mji ukaacha kuishi kwa msafara, ukaanza kuishi kwa ujirani. Serikali iliunganisha miji hiyo miwili, na ndiyo maana manispaa yenu inaandikwa Kigoma/Ujiji, kwa ule mkwaju katikati. Mwanga, iliyokuwa katikati ya barabara, imekua ikaziba pengo, na leo abiria wa daladala hawezi kukuonyesha Kigoma inapoishia. Lakini mtu wa Kasingirima, Kitongoni, Rusimbi au Buzebazeba ukimuuliza anakaa wapi atakwambia Ujiji. Asubuhi anakwenda kazini "mjini", jioni anarudi nyumbani, na kwenye msiba hakuna anayechanganya.

Upwani wao haukuletwa kwa upepo. Uliletwa na waungwana wa misafara, ukashikwa kwa mikono miwili na watu walioutumia kujitoa kwenye daraja la utumwa. Fikiria mwanamke wa Manyema aliyevushwa akiwa mtoto, hana ukoo hapa, hana ardhi ya mababu. Kiswahili kilimpa lugha ambayo hakuna aliyeweza kumcheka nayo. Uislamu ulimpa jina, ndoa yenye mashahidi na mahali pa kuzikwa. Vazi la heshima na mapishi ya kualika watu vilimpa uso mbele ya majirani. Vyama vya ngoma vya wanawake na unyago vilimpa dada ambao hawakuzaliwa tumbo moja. Mwanzoni mwa karne ya 20 tarika ya Kadiria ilipata wafuasi wengi hapa, kwa sehemu kwa sababu mlango wake ulikuwa wazi kwa mtu yeyote, hakuulizwa babu yake alikuwa nani. Sidhani Ujiji ni nakala ya Bagamoyo. Kwa maoni yangu watu wa Ujiji wameshikilia uswahili kwa juhudi kuliko baadhi ya miji ya pwani yenyewe, maana kwao ulikuwa na gharama. Na hawakuuweka kibindoni. Kiswahili kilivuka ziwa kwa mitumbwi ileile, na Kiswahili cha mashariki mwa Kongo kina deni kubwa kwa njia hiyo.

Hata hivyo usimtafute Mswahili wa pwani pekee, utakosa nusu ya mji. Chakula ni ugali wa muhogo, na mchuzi ni mgebuka au dagaa, na mafuta ni mawese. Nazi ya pwani hapa ilikuta mchikichi umeshakaa. Kiha kinasikika sokoni, Kibembe majumbani, na jamaa wa Uvira, Baraka na Kalemie huja kwenye harusi na matanga kana kwamba mpaka ni mtaa wa pili. Vita vya Kongo na Burundi vimewaleta wengine kwa machozi, na wengi wana ndugu waliopita au wanaoishi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Mji ulioundwa na watu waliovushwa kwa lazima umezoea kupokea wanaovuka kwa kukimbia, ingawa si kila mara kwa moyo mkunjufu. Neno la kumwita mtu si raia linauma Ujiji kuliko mahali pengi, na utalisikia.

Riziki ya ziwa bado ni ya usiku. Wavuvi hutoka giza likiingia, hasa siku zisizo na mbalamwezi, wakiwasha taa ili dagaa wapande juu. Zamani ilikuwa karabai, sasa taa za betri na sola. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka, ili samaki wazaliane. Hapo ndipo mtu wa mbali angeona kwamba Ujiji ya nyumba tu bado inakula kutoka majini: duka la rejareja, fundi cherehani, mama wa vitumbua, wote walinywea. Na mafundi wa mashua wangalipo ufukweni, wanajenga boti za mbao kwa shoka, randa na msumari, kwenye mchanga uleule usiofaa kwa meli.

Kuhusu wanafunzi, ningewapeleka hivi. Anzia mwaloni, pale samaki wanaposhushwa. Wape muda waone mafundi wa boti, waingie maji ya magoti wenyewe wahesabu hatua. Kisha wapande kwa miguu hadi kwenye mnara na jumba la makumbusho, wakipima umbali, halafu uwaulize ziwa lilikuwa wapi. Wakati wa kupanda waonyeshe miembe mikongwe, maana wazee wanaihusisha na njia ya misafara, na Ujiji ni kituo kimojawapo katika njia ya kati ya watumwa na pembe ambayo Tanzania iliiweka kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia mwaka 2006. Halafu wapandishe gari hadi stesheni ya Kigoma na gati lake, siku hiyohiyo, ili wawe na picha mbili kichwani kwa wakati mmoja. Jengo la stesheni ni la Mjerumani na linajieleza.

Jambo moja la kuangalia. Ukiwapa kazi ya kuwauliza mabibi na mababu, usiandike swali linalosema "familia yenu walikuwa watumwa au mabwana?" Kuna nyumba ambazo jambo hilo halisemwi hata baina ya ndugu, na mtoto anaweza kurudi na kofi badala ya jibu. Waambie waulize bibi alizaliwa wapi, mama yake alivuka ziwa lini na kwa chombo gani, na nani aliwapokea walipofika. Majibu ya mengine yatakuja yenyewe kwa atakayetaka kuyatoa.

Na ukiamua kwenda nao mwaloni, usichague siku za mbalamwezi, maana wavuvi wengi hawatoki. Ulizia kwa jirani yako siku iliyotangulia, na mfike mapema, kabla dagaa hawajauzwa na wengine kuanikwa.